Kangaga: Adui ama Shahidi?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka huu chama chetu kimeniomba niandike somo la sayansi kwa lugha ya Kiswahili. Nilikubali upesi, maana sisi hujifunza bayolojia kwa Kiingereza, na tukifika nyumbani tunashindwa kumweleza mzazi kile tulichosoma. Elimu ikikaa daftarini haimsaidii mkulima wala ng'ombe wake.

Nimechagua mmea ambao sisi wa shule ya kutwa tunaupita asubuhi na jioni bila kuuangalia mara mbili. Mmea huo ni kangaga. Hapa kwetu Taita watu wengi wanalaumu kangaga kwamba limekula malisho, limekula msitu na limeua ng'ombe. Wengine wanasema dawa yake ni kiberiti. Nitaeleza kangaga ni nini, linaeneaje na linadhuru vipi. Halafu nitasema kwa nini mimi naona kiberiti ndicho kilichotufikisha hapa.

KANGAGA NI MMEA GANI?

Makangaga yapo ya aina nyingi. Yapo madogo yanayoota kando ya vijito, na yapo yanayokaa juu ya magogo msituni. Hayo hayana ugomvi na mtu. Ninalozungumzia mimi ni lile kubwa la mahali pa wazi, lenye jani pana lililogawanyika mara mbili ama tatu kama unyoya. Wanasayansi huliita Pteridium aquilinum. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki, likihusu bawa ama unyoya, na la pili limetokana na jina la Kilatini la ndege tai.

Jani lake likichipuka huwa limejikunja kama mkia wa kinyonga. Kisha hufunguka polepole mpaka likawa refu kumficha mtoto wa darasa la nne. Kwa kawaida hufika mita moja ama mbili, na penye unyevu na udongo mzuri laweza kupita hapo. Kangaga halitoi ua, halitoi tunda wala mbegu. Mtu akikuambia ameliona ua la kangaga, mwambie akupeleke ukalione!

Huu ni mmea wa zamani sana. Mabaki yake yaliyogeuka mawe yameonekana katika miamba ya zaidi ya miaka milioni 50. Leo unapatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Ni mimea michache mno iliyoenea duniani namna hiyo.

Hapa nataka msomaji aweke alama. Tunajua habari za mathenge, ule mti wa miiba uliopandwa Baringo miaka ya 1980 ukaja kuwasumbua wafugaji. Tunajua pia habari za gugu maji, lililotoka Amerika Kusini na kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Hao ni wageni. Lakini kangaga halikuletwa na meli wala ndege. Ni mwenyeji. Lilikuwako hapa milimani kabla ya babu zetu. Sasa kama ni mwenyeji wa siku zote, mbona leo ndiyo tunalia nalo? Swali hilo ndilo moyo wa somo hili.

KANGAGA LINAENEAJE?

Kangaga lina njia mbili za kuenea, moja ya hewani na moja ya ardhini.

Njia ya hewani ni ya spora. Ukigeuza jani lililokomaa utaona ukingo wake umejikunja kidogo kwa ndani. Chini ya mkunjo huo ndimo spora zinamokaa, nazo ni laini kama vumbi. Jani moja kubwa laweza kutoa spora hadi milioni 300 kwa mwaka. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme katika kila spora milioni moja ni moja tu inayofaulu kuota. Jani moja lingezaa makangaga 300! Tunashukuru kwamba nyingi hazifaulu. Spora ikianguka penye nyasi nene ama kivuli cha msitu, haipati nafasi. Inahitaji udongo ulio wazi, wenye unyevu, usio na mimea mingine ya kushindana nayo, na usio na asidi nyingi.

Wanafunzi wa kemia, ni kitu gani hupunguza asidi ya udongo, kisha hupatikana mahali ambapo mimea mingine yote imeondolewa? Ni majivu. Mahali palipoungua ndipo kitanda ambacho spora za kangaga hukipenda. Mtu akichoma mlima ili kulifukuza kangaga, amelitandikia.

Njia ya pili ni ya ardhini. Kangaga lina shina linalotambaa chini ya udongo kama tangawizi. Shina hilo ni jeusi kwa nje na jeupe kwa ndani, na limejaa wanga. Kutoka kwenye shina moja huchipuka majani mengi. Kwa hiyo ukiona makangaga mia moja mahali pamoja, usidhani ni mimea mia. Huenda ni mmea mmoja wenye mikono mia. Huko Ufini, mtafiti wa misitu Eino Oinonen alichunguza makundi ya kangaga miaka ya 1960, akakadiria kwamba mengine yalikuwa na upana wa mamia ya mita na umri wa zaidi ya miaka 1,000.

Shina hili ndiyo akiba ya kangaga. Moto ukipita juu, joto kali linaishia sentimita chache tu za udongo wa juu. Mbegu za nyasi na miche ya miti huungua. Shina la kangaga limelala chini zaidi, baridi, limeshiba. Mvua ya kwanza ikinyesha, ni nani anachipuka mbele ya wote? Jibu mnalijua, maana mnaliona kila mwaka.

KWA NINI MSITU HAURUDI?

Kawaida mti ukianguka msituni, mwanga unaingia, mbegu zinaota, na baada ya miaka kadhaa pengo linazibika. Kangaga likishika pengo hilo kwanza, mambo hubadilika. Sababu ni nne.

Ya kwanza ni kivuli. Majani yake hushikana kama paa la makuti, na mche mdogo ulio chini yake haupati mwanga.

Ya pili ni takataka. Kila jani linalokauka huanguka juu ya lingine. Baada ya miaka panakuwa na godoro nene la majani makavu. Mbegu ikianguka juu ya godoro haifikii udongo, na ikiwa chini yake haiwezi kupenya kwenda juu.

Ya tatu ni sumu. Kangaga hutoa kemikali zinazozuia baadhi ya mimea mingine kuota ama kukua karibu nalo.

Ya nne, na mbaya kuliko zote, ni kwamba godoro lile kavu ni kuni. Kiangazi likipata cheche, linawaka vibaya sana. Moto huo unaua miche michache iliyojitahidi, unaingia mita chache ndani ya ukingo wa msitu, na kangaga linasogea mbele. Moto unazaa kangaga, kangaga linazaa moto. Mzunguko huo ukianza haujikati wenyewe.

Kwetu Taita jambo hili si dogo. Milima yetu ndiyo sehemu pekee ya Kenya katika Milima ya Tao la Mashariki, ile safu inayoanza hapa na kushuka Tanzania kupitia Pare na Usambara mpaka Udzungwa. Misitu yake inanasa ukungu unaotoka Bahari ya Hindi, na kutoka humo ndimo zinamotoka chemchemi tunazoteka maji. Watafiti walioongozwa na Petri Pellikka wa Chuo Kikuu cha Helsinki walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na nyingine za mwaka 2004. Waligundua, na kuchapisha mwaka 2009, kwamba karibu nusu ya msitu wa asili wa milima hii ilikuwa imetoweka katika muda huo. Kilichobaki ni vipande vipande kama Mbololo, Chawia na Ngangao, na huo wa Ngangao ni hekta 120 hivi tu. Ndimo wanamoishi ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, kama yule kurumbiza wa Taita anayetafuta chakula chake chini kwenye kivuli cha miti mikubwa. Ndege huyo haishi kwenye kangaga. Kipande kidogo kina ukingo mwingi, na ukingo ndipo moto na kangaga huanzia.

Tusidhani ni sisi peke yetu. Uganda kuna msitu mashuhuri wa Bwindi, wenye sokwe wakubwa wa milimani, uliofanywa mbuga ya taifa mwaka 1991. Kabla ya hapo watu waliingia kupasua mbao, na mioto ikatokea. Sehemu zilizoungua zilishikwa na kangaga, na miaka mingi baadaye bado msitu ulikuwa haujarudi. Fredrick Ssali na wenzake walichunguza sehemu hizo na kuandika mwaka 2017 juu ya vizuizi vinavyochelewesha miti kurudi. Kwa hivyo hata ndani ya mbuga inayolindwa, ambako hakuna jembe wala mbuzi, kangaga likishatangulia miti huchukua miaka na miaka.

MADHARA KWA MIFUGO NA KWA WATU

Sasa tuingie zizini. Jirani yetu mmoja alikuwa na ng'ombe wa gredi ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo ya kijana wake. Kiangazi nyasi zikawa haba, ikawa anakata majani kandokando ya msitu, na ndani ya mzigo mlikuwa na kangaga. Haikuwa siku moja, ilikuwa kama miaka miwili, kidogo kidogo. Basi siku moja ng'ombe akakojoa mkojo mwekundu. Watu wakasema ni ugonjwa wa kupe. Akadungwa sindano, akaonekana nafuu, kisha ikaanza tena. Daktari wa mifugo alipokuja hakuuliza kuhusu kupe tu. Aliuliza, "Mama, huyu anakula nini?" Akaenda mwenyewe mpaka mahali pa kukatia majani. Aliporudi alisema kibofu kimeharibika na hakuna dawa ya kukirudisha. Yule ng'ombe alikonda akafa. Kijana alikaa nyumbani muhula mzima kabla ya kurudi shule.

Nimeeleza kisa hiki kwa sababu magonjwa hayo mawili yanafanana kwa rangi ya mkojo. Ule wa kupe kwa kawaida huja ghafla na homa kali. Ule wa kangaga wa muda mrefu huja polepole, damu inakuja na kuondoka, na mara nyingi hakuna homa. Lakini sisi si madaktari. Kazi yetu ni kumwita mtaalamu mapema na kumwambia ukweli juu ya lishe.

Kangaga lina sumu zaidi ya moja. Iko moja inayoharibu vitamini B1 mwilini. Hii huwapata sana farasi na punda, ambao huanza kuyumba na kutetemeka. Ng'ombe huponea hapo kwa sababu vijidudu vya tumboni mwake humtengenezea vitamini hiyo. Majani machanga nayo yana sumu ya sianidi. Sumu iliyo mbaya zaidi inaitwa ptakwilosidi. Ng'ombe akila kangaga jingi kwa muda mfupi, hiyo huharibu uboho wa mifupa, ambamo damu hutengenezwa, na mnyama huvuja damu ovyo. Akila kidogo kidogo kwa muda mrefu, huota uvimbe katika kibofu.

Wanasayansi hawakujua hayo kwa siku moja. Mwaka 1965 Irene Evans na mwenzake Mason, waliokuwa Wales, walieleza kwamba panya waliolishwa kangaga walipata saratani. Mwaka 1978 William Jarrett wa Glasgow na wenzake waliandika juu ya ng'ombe wa Uskoti waliokuwa na saratani ya njia ya chakula, wakionyesha kwamba huenda kangaga na virusi fulani vilisaidiana kuwadhuru. Hatimaye mwaka 1983 watafiti wa Japani na wa Uholanzi, kila kundi kwa upande wake, waliitenga ptakwilosidi yenyewe. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka kangaga katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu.

Kwa nini binadamu? Kwanza, kuna wanaolila. Wajapani hupika machipukizi yake baada ya kuyaloweka katika maji moto yenye majivu ama magadi. Njia hiyo hupunguza sumu, ingawa haiimalizi. Pili, majaribio yameonyesha kwamba ng'ombe anayelishwa kangaga hupitisha sumu hiyo katika maziwa. Tatu, sumu hiyo huyeyuka katika maji, kwa hiyo mvua inaweza kuiosha kutoka kwenye majani hadi udongoni. Sisemi haya ili mtu aogope chai yake ya asubuhi. Nasema ili mtu asimpe ng'ombe kangaga.

KWANI HALINA FAIDA?

Haki ya kangaga nayo isemwe. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walilikausha wakalitandika zizini. Majivu yake yana potasiamu nyingi, na zamani yalitumika kutengeneza sabuni na vioo. Likiozeshwa vizuri ni mbolea nzuri ya shambani.

Faida kubwa zaidi kwetu watu wa milimani ni kwamba linashika udongo. Mteremko ulioungua ukibaki uchi, mvua za masika zingeuteremsha wote mpaka tambarare. Kangaga linaufunika upesi. Ndiyo maana nasema kulifyeka kabisa bila kuwa na kitu cha kupanda mahali pake ni kujitafutia maporomoko.

MABISHANO YA MOTO

Nilipokuwa nikikusanya habari za somo hili nilimwendea babu yetu mmoja wa kijijini, aliyechunga ng'ombe tangu utotoni. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Keti." Nikamweleza kwamba vitabu vinasema moto unaleta kangaga. Akacheka.

"Vitabu vyenu hivyo!" akasema. "Sisi tulichoma tangu zamani. Majani yakachipuka mabichi, ng'ombe wakanona. Hilo kangaga la kila mahali halikuwako."

Nikamwuliza, "Babu, mahali pamoja mlipachoma mara ngapi?"

Akafikiri. "Ukichoma hapa leo, unahama. Ng'ombe wengi tulikuwa tunawateremsha tambarare. Pale unaweza kukaa miaka mitano, sita, hujarudi."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi utahamia wapi? Kila mtu na kipande chake. Wanachoma kila mwaka palepale." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi si moto peke yake, mjukuu wangu. Ni moto bila mapumziko."

Naona babu alisema kweli, na vitabu pia vinasema kweli. Zamani moto ulifuatwa na mapumziko, na katika mapumziko hayo nyasi na miti zilipata nafasi ya kushindana na kangaga. Leo ardhi ni ndogo, moto ni wa kila mwaka, na malisho yaliyoliwa hadi mzizi hayana nguvu ya kushindana. Ng'ombe naye hulikwepa kangaga nyasi zikiwapo, kwa hivyo anakula mshindani wake na kuliacha lenyewe. Kwa sababu hiyo nimeliita kangaga shahidi. Likijaa mahali, linatoa ushahidi kwamba hapo pamechomwa, pamekatwa na pamechungwa kupita kiasi. Tukilifyeka bila kubadili mambo hayo, tunamfukuza shahidi na kesi inabaki palepale.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuache kuchoma. Hili halina gharama. Nyasi mbichi za wiki tatu baada ya moto ni mkopo wenye riba kubwa, na riba yenyewe hulipwa kwa kangaga.

Pili, tulikate kwa akili. Kumbuka shina la chini ni kama akaunti ya benki. Jani linapochipuka linatoa akiba. Likishafunguka na kupata jua linaanza kuweka akiba. Basi wakati mzuri wa kukata ni jani linapomaliza kufunguka, kwa sababu akiba imetoka na bado haijarudi. Ukikata mara moja, shina litatoa majani mengine na kurudisha. Ukikata tena hayo nayo, akaunti inapungua. Uzoefu wa Uingereza ni kukata mara mbili kwa mwaka kwa miaka isiyopungua mitatu. Kwetu ambako baridi haiui majani, inafaa kuangalia machipukizi yenyewe badala ya kalenda, na huenda ikabidi kukata zaidi ya mara mbili. Anayekata afunike pua kwa kitambaa, hasa majani yakiwa yamekomaa na yana spora.

Tatu, tulete kivuli. Kangaga hupenda mwanga, na chini ya miti iliyoshikana hudhoofika. Huko Chiapas nchini Meksiko, wenyeji waitwao Walakandoni wana njia yao ya asili. Wao hufyeka kangaga mara kwa mara huku wakipanda mti uitwao balsa, unaokua upesi sana na kuwa na majani mapana. Katika muda mfupi kivuli kinafunga na kangaga linapoteza nguvu, kisha miti mingine ya msitu inafuata. Watafiti waliijaribu njia hiyo na kuandika mwaka 2010 kwamba inafaa. Sisi hatuna haja ya kuagiza balsa. Tunayo miti yetu ya asili ikuayo haraka, kama vile jamii za Macaranga na Croton. Ila tuanzie kwenye ukingo wa msitu, ambapo ndege wanaleta mbegu, tusogee nje taratibu.

Nne, ng'ombe wa ndani alishwe majani yaliyochambuliwa. Anayekata majani ya ng'ombe afungue mzigo kabla ya kuutia horini, atoe kila jani la kangaga. Kupanda matete ya ng'ombe hata kwenye kingo za matuta ni bora kuliko kwenda msituni wakati wa kiangazi.

Tano, tusikimbilie dawa za kupuliza. Ilikuwapo dawa moja iitwayo asulamu iliyotumika sana Uingereza dhidi ya kangaga. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiidhinisha. Na milima yetu ndiyo mwanzo wa maji tunayokunywa.

OMBI LANGU KWA CHAMA

Nyuma ya uwanja wetu wa mpira kuna mteremko uliojaa kangaga. Naomba chama chetu kishirikiane na walimu wa bayolojia na kilimo, tupime kwa kamba viwanja vitatu, kila kimoja mita kumi kwa kumi. Cha kwanza tukiache kama kilivyo. Cha pili tukikate mara moja kwa mwaka, kama watu wengi wafanyavyo. Cha tatu tukikate kila majani yanapomaliza kufunguka, na tupande miche ya asili ndani yake. Kila mwisho wa muhula tuhesabu majani ya kangaga na miche iliyo hai, na hesabu ichapishwe katika jarida hili kila mwaka.

Kazi hiyo itachukua miaka mitatu ama zaidi. Mimi nitakuwa nimemaliza mtihani na kuondoka. Wenzangu wa kidato cha kwanza, ninyi ndio mtakaosoma majibu. Panga ziko stoo, kamba nitaleta mwenyewe, na masika hayako mbali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja njia mbili ambazo kangaga hutumia kuenea. Ni ipi kati yake inayonufaika na majivu, na kwa nini?
2. Eleza kwa nini kukata kangaga mara moja tu kwa mwaka hakutoshi.
3. Ng'ombe wa jirani anakojoa mkojo mwekundu. Taja mambo mawili ambayo utamshauri jirani amweleze daktari wa mifugo.
4. "Kangaga ni mwenyeji, si mgeni." Linganisha kangaga na gugu maji ukitumia kauli hiyo.
5. Mzee mmoja anasema moto haukuwadhuru zamani. Andika mazungumzo mafupi kati yako na yeye, mkijadiliana kwa heshima.

MSAMIATI

Spora: chembe ndogo kama vumbi ambazo kangaga huzaliana kwazo.
Uboho: kitu laini kilicho ndani ya mfupa, ambamo damu hutengenezwa.
Mteremko: mahali ambapo ardhi inashuka kutoka juu kwenda chini.
Mche: mti mchanga unaoanza kukua.
Hori: chombo ama mahali anapowekewa ng'ombe chakula.